Mchoro Ukubaliane na Waya

Kila chumba cha mitambo ya mawasiliano kina vitu viwili vinavyodai kuwa kitu kimoja. Cha kwanza ni mchoro: masanduku yaliyopangwa, mistari iliyonyooka, na namba pembeni mwa kila mstari. Cha pili ni nyaya zenyewe, zinazotoka mgongoni mwa swichi, zikashuka pembeni mwa raki, zikapanda kwenye trei ya darini na kutokea mahali ambapo aliyezichomeka hakuoni kutoka alipo. Siku ya makabidhiano viwili hivi hufanana. Baada ya hapo kila kimoja hushika njia yake. Fundi wa zamu ya usiku anahamisha kebo moja ili huduma irudi, anakusudia kuandika asubuhi, na asubuhi anaitwa kazini Nzega. Swichi inaungua, inaletwa nyingine ambayo poti zake zimepangwa kwa namna tofauti. Miaka mitatu ikipita mchoro bado uko ukutani, msafi, na hakuna mtu kazini anayeuamini.

Nataka kuwasifu watu wanaovirudisha viwili hivyo pamoja. Kazi yao haina sherehe. Kebo mpya ikizinduliwa, kiongozi hukata utepe na picha hupigwa. Fundi akitumia wiki nzima kulinganisha kila mstari wa mchoro na kila ncha ya kebo, hakuna kilichoongezeka kwenye chumba ila lebo chache na faili lililosahihishwa. Lakini siku mawasiliano yanapokatika saa nane usiku, ni ile wiki yake inayoamua kama hitilafu itakwisha kabla ya adhuhuri au itakula siku mbili.

Ninaandika nikiwa na Tabora akilini, ingawa kumbi kubwa za seva za nchi hii ziko Dar es Salaam. Tabora ni mahali mistari inapokutana. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa, palipojulikana kama Kaze katika nchi ya Unyanyembe, ikagawanyika: tawi moja kwenda Ujiji, jingine kupanda Karagwe hadi Buganda. Reli ya Kati iliingia mjini mwaka 1912, kilomita 840 kutoka Dar es Salaam, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Kisha ukaja Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009 ili kuunganisha mikoa na kuifikisha kwenye nyaya za baharini zilizokuwa zinatua pwani, SEACOM mwaka huohuo na EASSy mwaka uliofuata. Kwenye mji wa makutano, mstari mmoja uliochorwa kimakosa humpotosha kila anayepita.

Hata waya wenyewe si mgeni katika njia hii. Stanley alipojiandaa Zanzibar mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alinunua frasila kumi za waya wa shaba ya njano, karibu kilo 160, kwa sababu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waya ulikuwa na thamani kuliko kitambaa na ushanga. Aliandika kwamba unene uliopendwa sokoni ulikaribia ule wa waya wa telegrafu. Kwa hiyo wapagazi wa Kinyamwezi walibeba koili za waya mabegani, wakazipitisha Tura na kuzifikisha Kwihara, jirani na Tabora, miongo kadhaa kabla haujasimamishwa hata mlingoti mmoja wa telegrafu Tabora. Waya ulikuwa mzigo. Ulikuwa bado haujapewa ncha mbili.

Na kisa kikubwa kuliko vyote ninachokijua cha mchoro kutokubaliana na ardhi kilianza kusahihishwa hapahapa Kaze.

Mwaka 1854 mmisionari Jakob Erhardt alikaa Tanga akiwahoji watu wa misafara kuhusu bara. Mwenzake Johannes Rebmann alikuwa Rabai, karibu na Mombasa, akikusanya habari za aina hiyohiyo. Watu waliopita njia za kaskazini walisema safari inaishia kwenye maji makubwa. Waliotoka Bagamoyo walisema safari inaishia kwenye maji makubwa. Waliotoka Kilwa nao wakasema vivyo hivyo. Wamisionari wakaziunganisha ncha zote tatu na kupata ziwa moja lenye urefu wa kutisha, lililopinda katikati, wakaliita Bahari ya Unyamwezi. Ramani ilipochapishwa Ulaya mwaka 1855 na 1856, wasomaji waliliona lile ziwa kama konokono aliyetolewa kwenye gamba lake, na jina la utani likaganda hivyo.

Fundi yeyote wa kebo akitazama ramani ile atajua kosa liko wapi. Hakuna shahidi aliyedanganya. Kila mmoja alieleza kwa usahihi njia aliyoitembea na alichokikuta mwisho wake. Kosa lilifanyika mezani, pale mchoraji alipoona mistari mitatu inaishia kwenye maji na kudhani ni maji yaleyale. Vyumba vya mitambo vimejaa makosa ya namna hii. Kebo tatu zinapanda kwenye trei moja, mtu anaandika kwamba zote zinashuka kwenye paneli moja, na kwa miaka mingi hakuna anayeinua kichwa kuangalia.

Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kufika Kaze tarehe 7 Novemba. Aliyewapokea ni Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani wa kabila la Harthi. Speke alimfungulia ramani ya wamisionari na kumuuliza Nyasa iko wapi. Snay akamwambia kwamba Nyasa ni ziwa lake lenyewe, liko kusini, na si ziwa la Ujiji. Na Ukerewe? Ukerewe ni ziwa jingine tena, liko kaskazini, na ni kubwa kuliko la Ujiji. Maji matatu, majina matatu, pande tatu. Ziwa la konokono likavunjika vipande ndani ya mazungumzo ya barazani.

Ninachokipenda katika jibu la Snay ni namna lilivyojengwa. Hakuleta nadharia ya kushindana na nadharia. Aliupa kila mwisho jina lake, upande wake na ukubwa wake ukilinganishwa na mwingine. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu alikaa pale njia zinapokutana, ambapo habari za ncha moja zinaweza kuwekwa kando ya habari za ncha nyingine. Erhardt na Rebmann walikuwa na bidii, na uaminifu wao hauna shaka, ila walikaa pwani, mahali ambapo kila njia ina mwanzo tu.

Habari ya mdomo nayo ilihitaji kukaguliwa kwa miguu. Februari 1858 wazungu wale wawili walifika Ujiji. Julai mwaka huo Speke alimwacha Burton Kaze akiwa mgonjwa, akaelekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti akawa ameyafikia maji ya Mwanza. Akarudi akitangaza kwamba amepata chanzo cha Nile. Burton alikataa. Historia imempa Speke ushindi kuhusu ziwa, lakini kuhusu utaratibu wa kazi mimi nasimama na Burton: mwenzake alikuwa ameona ukingo mmoja wa kusini, akachora yaliyobaki. Aliporudi kwa safari ya pili, mwaka 1862 aliyaona maporomoko ambako Nile inatoka, ila hakulizunguka ziwa. Kazi hiyo ilimsubiri Stanley, aliyelizunguka kwa mashua mwaka 1875. Miaka kumi na saba ilipita tangu ncha ya kwanza ionekane hadi mtu kuufuata mstari wote. Ndani ya miaka hiyo alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetembea katika msafara wa Burton na Speke, akarudi na Speke safari ya pili, akatembea na Stanley, kisha na Cameron. Kama kuna mtu mmoja aliyekagua mchoro wa nchi hii kwa nyayo zake, ni yeye.

Turudi kwenye faiba. Uzi mmoja wa faiba ni kioo chenye kipenyo cha maikromita 125, na njia ya mwanga katikati yake, kwa nyaya za masafa marefu, ni maikromita tisa hivi. Uzi huo huvalishwa utando wenye rangi. Rangi ziko kumi na mbili na mpangilio wake unakubalika karibu kila mahali: buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, samawati. Fundi huzikariri kama mtoto wa chuo anavyokariri alifu na bee. Nyuzi zikizidi kumi na mbili, huwekwa kwenye mirija, na mirija nayo hufuata rangi zilezile. Ukimwambia fundi "mrija wa chungwa, uzi wa kahawia," anajua ni uzi wa kumi na sita bila kuhesabu.

Kuunga nyuzi mbili ni kazi ya kutazamwa kwa karibu. Fundi anavua utando kwa koleo maalumu, anafuta kioo kwa spiriti, anakikata kwa kisu cha gurudumu ili uso wake uwe bapa, kisha analaza ncha mbili kwenye mashine zitazamane. Kwenye kioo cha mashine ncha hizo huonekana nene kama magogo, na kichembe cha vumbi huonekana kama jiwe. Mwezi Oktoba, Tabora ikiwa kavu na upepo unazoa vumbi jekundu la barabarani, kazi hii haifanyiki hewani. Hufanyika ndani ya gari lililofungwa madirisha au kwenye hema, kwenye joto, jasho likizuiwa kwa leso lisidondokee meza. Cheche ya umeme inapita, kioo kinayeyuka, nyuzi zinashikana. Kiungo kizuri hupoteza chini ya sehemu moja ya kumi ya desibeli. Kikiwa kibovu, hukatwa na kuanza upya.

Lakini mashine ya kuunga haijui rangi. Itaunga buluu na chungwa kwa ustadi uleule, mwanga utapita bila tatizo, na mchoro utakuwa umeshakuwa wa uongo. Ndiyo maana baada ya kuunga huja kazi ninayoistahi zaidi, ya watu wawili katika ncha mbili. Mmoja yuko chumbani na kalamu ya taa nyekundu, mwingine yuko kwenye chemba ya kwanza nje ya uzio, simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega.

"Kaka, nimewasha namba saba. Umeiona?"

"Naiona kwenye nane, kaka."

"Nane? Nyeusi?"

"Nyeusi. Nyekundu iko giza."

"Mchoro unasema nyekundu."

"Mchoro unasema. Mimi naangalia."

Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Wakizozana watapoteza saa. Walioiva hawazozani. Aliye chumbani hubadilisha namba, anawasha nane, na wa nje anaona inatokea kwenye nyekundu. Wameshajua: nyuzi mbili zimepishana kwenye kiungo fulani. Sasa wanaamua kipi kitii, mchoro au waya. Watu wengi hudhani siku zote ni mchoro unaosahihishwa. La. Ikiwa nyuzi hizo zimebeba huduma ya hospitali au benki na hakuna ruhusa ya kuzima, mchoro utasahihishwa usiku huo na waya uachwe. Ikiwa bado hazijabeba kitu, waya ndio utakaorudishwa kwenye mpango, kwa sababu fundi wa kesho huko mbele atatarajia rangi zifuatane. Uamuzi huo hauko kwenye kitabu. Unatokana na kujua nani anategemea nini.

Kwenye masafa marefu kalamu ya taa haifiki. Hapo hutumika mashine inayopeleka pigo fupi la mwanga ndani ya uzi na kusikiliza mwangwi wake. Mafundi huiita OTDR. Mwanga ndani ya kioo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kilomita moja kwenda na kurudi ni karibu maikrosekunde kumi. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, safari iliyomchukua Burton zaidi ya miezi minne kutoka pwani, mwanga ukifuata reli hutumia milisekunde nne na kidogo. Mashine inachora mstari unaoteremka polepole. Kila kiungo kinaonekana kama ngazi ndogo ya kushuka, na pale waya ulipokatwa mstari unaanguka ghafla.

Tuseme mashine imeandika kilomita 40. Mgeni katika kazi ataingia kwenye gari, atasoma kilomita 40 kwenye dashibodi, atashuka na kuanza kuchimba. Hatakuta kitu. Mashine imepima urefu wa uzi, na uzi hauko sawa na barabara. Ndani ya kebo, nyuzi huwekwa zikiwa zimejizungusha ili zisivutike kebo inapovutwa, na mzunguko huo huongeza kama asilimia moja. Kwenye kila chemba yenye kiungo huachwa koili za akiba, mita kumi na tano kila upande kwa mfano, ili siku ya matengenezo ncha zifike mezani. Ukiwa na viungo kumi njiani, koili peke yake ni mita 300. Ongeza mita 400 za kujizungusha: jumla mita 700. Ukichimba kwa kufuata dashibodi utakuwa umepita hitilafu kwa umbali huo, huku wateja wakisubiri.

Anayeijua njia hufanya hesabu kinyume. Anachukua mchoro wa baada ya ujenzi, kama upo na kama ni wa kweli, anatoa koili moja moja, anatoa mzunguko, kisha anatafuta kiungo cha karibu ambacho mashine imekiona na yeye anakijua kilipo, na kupimia kutoka hapo. Akifika bado hachimbi. Anatembea. Anatafuta greda lililopita, kalavati jipya, nguzo iliyosimamishwa juzi. Na akimkuta mzee amekaa chini ya mwembe, anamsogelea.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Mnatafuta waya?"

"Ndiyo, baba. Ulipita wapi hapa?"

Mara nyingi mzee anajua. Atakuonyesha kwamba wachimbaji walipofika kwenye makaburi ya ukoo waliombwa wazunguke, wakazunguka kwa kushoto, wakarudi barabarani baada ya mti ule. Mchoro una mstari mnyoofu. Mzee ana mpindo. Fundi bora huutembea ule mpindo, huupima, na kuuandika siku hiyohiyo, pamoja na alama zitakazodumu: kaburi, kona ya daraja, namba ya nguzo. Mchoro uliojaa masahihisho ya kalamu nyekundu haupendezi kwa mgeni aliyekuja kukagua. Mimi nikiuona wa namna hiyo nina uhakika kuna mtu aliyetoka nje.

Ndani ya ukumbi wa seva mambo hubadilika kidogo, kwa sababu huko nyaya ni nyingi kiasi kwamba macho hayatoshi. Mpangilio unaotumika sana leo una ukoo na kazi ya Charles Clos wa Bell Labs, aliyeandika mwaka 1953 kuhusu mitambo ya simu. Kila swichi ya raki huunganishwa na kila swichi ya mgongo. Raki 32 na migongo minne ni kebo 128, yaani ncha 256, na kila ncha ni nafasi ya kukosea.

Kosa lake ni la kimyakimya. Kebo ya raki ya tano iliyopaswa kwenda mgongo wa kwanza inachomekwa mgongo wa pili. Taa inawaka kijani, kwa kuwa taa ya kijani inasema tu kwamba kuna mtu upande wa pili, haisemi ni nani. Data inapita. Hakuna mteja anayelalamika. Halafu siku moja mgongo wa pili unazimwa kwa matengenezo yaliyopangwa vizuri, ambayo kwa hesabu ya mchoro yatapunguza robo tu ya njia za kila raki, na raki ya tano inapoteza nusu.

Dawa yake ni kuziuliza swichi zenyewe. Swichi za kisasa hujitambulisha: kwa kawaida kila sekunde 30 kila poti hutuma ujumbe mfupi unaosema swichi hii ni fulani na poti hii ni fulani. Ujumbe huo humfikia jirani wa upande wa pili wa waya na kuishia hapo, hausambazwi mbele. Utaratibu huu, LLDP, ulifanywa kiwango rasmi mwaka 2005. Uzuri wake ni kwamba ushahidi unatoka ncha zote mbili. Swichi ya raki inasema jirani yangu ni mgongo wa pili, poti ya tano. Mgongo wa pili unasema jirani yangu ni raki ya tano. Programu inachukua mpango wa mhandisi, ulioandikwa mstari kwa mstari, inaulinganisha na walichosema majirani, na kila pasipokubaliana inapataja. Wapo wanaoenda mbali zaidi: poti iliyochomekwa kinyume na mpango hairuhusiwi kubeba data mpaka irekebishwe. Naunga mkono ukali huo. Hitilafu inajitokeza siku ya kuchomeka, aliyechomeka akiwa bado amesimama mbele ya raki.

Hata hivyo programu ina mahali inapokoma. Inajua waya unaanzia wapi na unaishia wapi, haijui ulikopita. Paneli ya kati haina umeme, haisemi kitu. Koili iliyobanwa na mlango wa raki haitaji jina lake. Na kosa la hatari kuliko yote katika mtandao wa nchi limo humo katikati: njia mbili kwenye mchoro, mfereji mmoja ardhini.

Mitandao mikubwa hujengwa kwa mzunguko ili waya ukikatwa upande huu, data izunguke upande ule. Kwenye mchoro mzunguko ni duara safi. Ardhini, kuna daraja moja juu ya mto, au geti moja la kuingilia kituoni, na kebo zote mbili zinapita hapo zikiwa zimelala bega kwa bega. Jino moja la katapila linakata duara zima. Swichi zote zilikuwa zinasema kweli. LLDP ilikubaliana na mpango. Anayeweza kuligundua hilo mapema ni mtu aliyeitembea njia ya kwanza, akaitembea ya pili, na akajikuta amesimama kwenye daraja lilelile mara mbili.

Watu wa misafara walilijua hilo. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji kwa vita, na waliotegemea njia hiyo moja wakakwama Unyanyembe na mali zao. Stanley aliondoka Kwihara mwezi Septemba akazunguka kusini, kupitia Ugunda na Ukonongo, kisha Uvinza, na akafika Ujiji. Ilikuwa njia ya pili kweli, kwa maji yake na vijiji vyake, mbali na uwanja wa Mirambo. Huko ziwani yeye na Livingstone wakapanda mtumbwi kwenda kaskazini kukagua jambo ambalo wataalamu wa Ulaya walikuwa wamelibishania wakiwa mezani: Mto Ruzizi unaingia Tanganyika au unatoka? Ramani ilikuwa na mstari tayari, ilikosa mwelekeo. Walifika mdomoni mwa mto wakaona maji yanaingia. Fundi wa faiba hukutana na swali hilohilo kila siku anapochomeka kebo ya nyuzi mbili, mmoja wa kutuma na mmoja wa kupokea. Zikipishana, vyombo viwili vizima kabisa hubaki gizani, kila kimoja kikisubiri upande ambao mwenzake hasemi.

Kazi hii inakaribia kuongezeka sana Tabora. Reli ya kisasa, ambayo treni zake za abiria zilianza kwenda Dodoma mwaka 2024, imepangiwa vipande vitatu vinavyokutana hapa: Makutupora hadi Tabora kilomita 368, Tabora hadi Isaka kilomita 165, Tabora hadi Kigoma kilomita 506. Panapojengwa tuta jipya, kebo za zamani husogezwa, na kila iliyosogezwa hupata viungo vipya, koili mpya na urefu mpya. Kutakuwa pia na vigingi vya kilomita vya aina mbili, vya reli ya zamani na vya reli mpya, na namba zake hazitalingana mahali pamoja. Fundi atakayeandika "kilomita 812" bila kutaja ni ya reli ipi atamtuma mwenzake porini. Wanaoijua kazi wanapiga picha mfereji ukiwa bado wazi, futi ya kupimia ikiwa imelazwa kando ya kebo na kigingi kikionekana nyuma, namba na jina la reli vimeandikwa kwenye ubao, ndipo wanamwambia dereva wa greda arudishe udongo.